Laptopu mpya inakesha ndani ya begi: ni mbovu, au ndivyo zilivyo siku hizi?

Mkeshaji

Habari zenu wakuu. Naomba msaada katika jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Nilikuwa na laptopu iliyonitumikia miaka tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza inalalaje: nilifunga kifuniko Ijumaa jioni, nikakifungua Jumatatu asubuhi, nikakuta kazi pale pale nilipoiacha na chaji imepungua asilimia chache tu. Ilipochoka nikanunua mpya yenye Windows 11, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16 na betri ya wati-saa 54, na tangu hapo usingizi wake umekuwa kitendawili.

Usiku wa kwanza niliifunga saa nne ikiwa na asilimia 86, nikaitia ndani ya begi. Saa kumi na mbili asubuhi nilipolishika begi lilikuwa na joto kama limeegemezwa kwenye jiko, feni inavuma, na chaji imebaki asilimia 31. Usiku uliofuata nilifanya hivyo hivyo, au niliamini nimefanya hivyo hivyo, na kwa muda uleule wa saa nane ikapoteza asilimia 4 pekee. Tangu hapo ni bahati nasibu.

Kuna vituko vingine viwili ambavyo sijui kama vinahusiana na hicho. Kwanza, mara kwa mara nikiwa katikati ya kuandika, kioo huzimika ghafla kana kwamba nimefunga kifuniko, kisha huwaka tena nikiondoa mikono kwenye kibodi. Pili, nimeanza kuizima kabisa kila usiku ili niepuke adha hii, lakini orodha ya kazi zinazoendelea inaniambia kwamba kompyuta imekuwa ikifanya kazi mfululizo kwa siku 11. Inawezekanaje, ilhali nimeizima jana? Muuzaji ameipima na kusema haina hitilafu. Je, niendelee kudai nibadilishiwe, au kuna mpangilio nisioujua?

FundiMkongwe

Ndugu Mkeshaji, kabla hujairudisha, tupige hesabu ndogo, kwa maana namba ulizoleta zinasema mengi. Betri ya wati-saa 54 iliyoshuka kutoka asilimia 86 hadi 31 imepoteza takriban wati-saa 30. Ukizigawa kwa saa nane unapata wastani wa wati 3.7 usiku kucha, na hicho ni kiwango cha kompyuta iliyo macho huku kioo chake kimezimwa. Usiku wa pili ilipoteza wati-saa mbili na kidogo, sawa na wastani wa wati 0.27, ambao ni usingizi mzuri wa kupigiwa mfano. Mashine ni ileile, betri ni ileile, begi ni lilelile. Ni nadra sana kifaa kilichoharibika kupona usiku mmoja kikaugua tena kesho yake, kwa hiyo mimi ningetafuta kwanza kilichotofautiana kati ya usiku huo na huo.

Laptopu yako ya zamani haikuwa na vituko hivi kwa sababu ilikuwa inalala kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI, ambazo ndani yake hali za umeme za kompyuta zimepewa namba. S0 ni kuwa macho. S3 ndio usingizi tuliouzoea: prosesa inakatiwa umeme, karibu kila kifaa kinazimwa, na RAM peke yake ndiyo inayoendelea kupewa umeme kidogo wa kushikilia kazi yako. S4 ndiyo ile inayoitwa haibaneti, ambapo yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski kisha umeme hukatwa. S5 ni kuzimwa. Ukiwa S3 hakuna programu inayoweza kujiamulia kuamka ikaendelea na shughuli zake, kwa sababu prosesa ya kuiendesha haina umeme.

Baadaye simu za mkononi zikatuzoesha kifaa ambacho kioo chake huzimwa lakini ujumbe unaendelea kuingia, na watengenezaji wakataka laptopu ziwe hivyo. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaja na Connected Standby, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikaipanua ikawa Modern Standby. Kwa mpango huu kompyuta haiondoki kamwe katika S0. Kioo kinazimwa, programu nyingi zinasimamishwa, na kila kifaa kinaombwa kijipunguze chenyewe. Nasema “kinaombwa” kwa makusudi: kadi ya mtandao, diski, kamera na kipokezi cha kipanya vyote vinapaswa kukubali ndipo mfumo mzima ushuke hadi kiwango cha chini kabisa cha umeme. Kimoja kikikataa, vyote vinakesha pamoja nacho.

Kwa hiyo tusibahatishe. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika `powercfg /a`, na utuambie ni aina zipi za usingizi ambazo mashine yako inazikubali na zipi inazikataa. Kisha andika `powercfg /sleepstudy /duration 28`. Amri hiyo itatengeneza ripoti inayofunguka kwenye kivinjari, yenye mstari kwa kila kipindi ambacho kompyuta ilidai imelala. Tafuta usiku ule wa joto na usiku ule mzuri, ulinganishe asilimia iliyoandikwa HW DRIPS. Hiyo ndiyo sehemu ya muda ambao mashine ilikuwa kweli imeshuka hadi kiwango cha chini kabisa.

Kibodi_Kavu

Mkuu, maelezo yote hayo ni mazuri lakini dawa ni moja tu. Ingia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), fuata njia ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Power`, tengeneza thamani ya DWORD iitwayo `PlatformAoAcOverride`, iache ikiwa 0, kisha anzisha kompyuta upya. Modern Standby inatoweka na S3 inarudi. Yangu nimeifanyia hivyo miaka miwili iliyopita na sijawahi kusikia feni ikivuma usiku tena.

ZamuYaSeva

Ndugu Kibodi_Kavu, dawa hiyo imekufaa kwa sababu BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya kompyuta yako bado ilikuwa na S3 ndani yake. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina. Thamani hiyo ya rejista inaondoa Modern Standby, lakini haina uwezo wa kuumba S3 ambayo mtengenezaji hakuiweka, na matokeo yake ni kompyuta isiyo na usingizi wa aina yoyote. Nimemwona mwenzangu kazini akifuata ushauri huu bila kuangalia: alifunga kifuniko, kioo kikazimika, akaondoka akidhani imelala, kumbe mashine iko macho kabisa ndani ya mkoba uliofungwa zipu. Alirudi akiwa na tatizo kubwa kuliko alilotaka kulitibu.

Ndiyo maana FundiMkongwe ameanza na `powercfg /a`. Jibu likisema kwamba S3 haikubaliwi na programu ya ndani ya mashine, usiguse rejista. Ipo lakini njia ya kati: katika baadhi ya mashine, ndani ya BIOS kuna kipengele cha kuchagua aina ya usingizi, na huko ndiko mahali salama pa kubadilisha, ikiwa kipo. Niongeze pia kwamba ushauri wa zamani zaidi wa kubadilisha `CsEnabled`, ambao bado unazagaa mtandaoni, haufanyi kazi tangu toleo la 2004 la Windows 10, kwa hiyo usipoteze muda nao.

Kuhusu siku 11, hapo hujarogwa. Tangu Windows 8 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi vya vifaa (programu zinazoviendesha) huhifadhiwa kwenye diski kwa njia ya haibaneti, ili asubuhi kuwaka kuwe kwa haraka. Saa ya mfumo nayo inaendelea kuhesabu kana kwamba hakukuwa na kuzimwa. Ajabu yake ni kwamba anayechagua kuwasha upya ndiye anayepata mwanzo safi, ilhali anayezima haupati. Ukitaka kuzima kwa maana halisi, shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, au ondoa alama ya Fast Startup katika mipangilio ya umeme kwenye Control Panel. Jambo hili linahusiana na tatizo lako kwa sababu kiendeshi cha kifaa kilichochanganyikiwa kinaweza kubebwa hivyo hivyo kutoka siku moja hadi nyingine, nawe unaamini kwamba umekianzisha upya.

Mkeshaji

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. `powercfg /a` inasema mashine yangu ina Standby ya S0 (yaani Modern Standby), haibaneti na Fast Startup. S3 imeorodheshwa miongoni mwa visivyopatikana, na sababu iliyotolewa ni ileile aliyoitaja ZamuYaSeva, kwa hiyo rejista nimeiacha.

Ripoti ya usingizi imenishangaza. Usiku mzuri una HW DRIPS ya asilimia 97. Usiku wa joto una asilimia 9, na chini yake, katika orodha ya waliosababisha, kadi ya mtandao isiyotumia waya ndiyo ya kwanza, ikiwa macho karibu muda wote. Nilipokumbuka vizuri nikagundua kwamba siku ile nilifunga kifuniko laptopu ikiwa bado kwenye chaja, nikamaliza kukusanya vitu vyangu, kisha nikachomoa waya na kuitia begini. Siku ya pili nilikuwa nimeichomoa tangu jioni. Nimerudia majaribio kwa siku nne na matokeo ni yaleyale: nikichomoa chaja kabla ya kufunga, inalala, nikifunga kwanza kisha nikachomoa, inakesha. Inawezekana kweli kwamba mpangilio wa vitendo viwili ndio unaoamua?

FundiMkongwe

Inawezekana, na umefanya kazi nzuri ya kulirudia jambo mara nne badala ya kuamini mara moja. Kwa kawaida kompyuta iliyo kwenye chaja inaruhusiwa kubaki na mtandao hata ikiwa imelala, kwa kuwa umeme wa ukutani hauna mwisho. Unapochomoa waya huku kifuniko kimefungwa, mfumo unapaswa kutambua badiliko hilo na kuiamuru kadi ya mtandao ishuke. Kwako inaonekana amri hiyo haifiki, au inafika na kiendeshi cha kadi hakiitii. Kiendeshi ndicho ninachokishuku kwanza. Chukua toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yenyewe, wala si kutoka kwenye tovuti za watu wa kando zinazojitangaza kusasisha kila kitu kwa pamoja, kisha uwashe kompyuta upya. Kumbuka: uwashe upya, si kuizima.

Lakini hata kiendeshi kikitengemaa, mimi binafsi siamini Modern Standby kwa kompyuta inayoingia begini. Kwa mapumziko ya dakika ishirini mezani inatosha. Kwa safari na kwa usiku, tumia haibaneti. Ikiwa haionekani kwenye menyu, andika `powercfg /h on`, kisha nenda Control Panel kwenye mipangilio ya umeme, mahali pa kuchagua kazi ya vitufe na kifuniko, uweke kifuniko kifanye haibaneti kompyuta inapotumia betri. Ukiwa kwenye chaja iache ilale kawaida. Angalia tu kwamba kwa mpango huo kufunga kwanza na kuchomoa baadaye bado kuna hatari, kwa sababu uamuzi hufanywa sekunde ile unapofunga kifuniko. Kwa hiyo weka pia muda wa kuhama kutoka usingizini kwenda haibaneti, tuseme dakika 30, uwe kinga ya siku utakayosahau.

Watu wengi huiogopa haibaneti kwa hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba inachelewa. Ilikuwa kweli enzi za diski za kuzunguka, ila kwa diski za SSD za sasa ni suala la sekunde kadhaa. Ya pili ni kwamba inaichosha SSD kwa kuandika mno. Tuseme kila mara inaandika GB 6, na unafanya hivyo mara mbili kwa siku: hizo ni GB 12 kwa siku, takriban TB 4.4 kwa mwaka. Diski iliyodhaminiwa kuandikiwa TB 300 ingehitaji miaka 68 kuzimaliza kwa haibaneti peke yake. Laptopu itakuwa imekwisha kusahaulika zamani.

PengwiniMpole

Kwa faida ya wanaosoma wakiwa na Linux, jambo ni lilelile kwa majina mengine. Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona `s2idle` peke yake, mashine yako haina S3; ukiona pia `deep`, unayo, na unaweza kuichagua kwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli (kiini cha mfumo). Kwa wasio na S3, systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ina `suspend-then-hibernate`, ambayo hulaza kwanza kisha huhamia haibaneti baada ya muda unaowekwa kwa `HibernateDelaySec`. Inahitaji nafasi ya swap (sehemu ya diski ya kupokea yaliyomo kwenye RAM) inayotosha. Katika matoleo mengi, Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, kerneli hujifunga na kukataa haibaneti, kwa hiyo usije ukadhani umekosea hatua fulani.

SaaMkononi

Nimesubiri nione kama kuna atakayegusa suala la kioo kuzimika wakati wa kuandika, kwa sababu hilo lilinitesa mimi miezi miwili. Ndugu Mkeshaji, samahani kwa swali la ajabu: unavaa saa au bangili yenye kifungo cha sumaku?

Laptopu haina jicho la kuona kwamba kifuniko kimefungwa. Ndani ya fremu ya kioo kuna sumaku ndogo, na upande wa kibodi, mara nyingi karibu na ukingo wa mahali pa kuegemeza viganja, kuna kihisi cha Hall kinachotambua sumaku ikisogea karibu. Kihisi hicho hakijui kama sumaku ni ya kifuniko au ya mkono wako. Chukua saa yako, iburute taratibu juu ya eneo hilo kuanzia kushoto kwenda kulia huku ukitazama kioo.

Mkeshaji

Mkuu SaaMkononi, nimecheka peke yangu. Saa yangu ina mkanda wa chuma unaoshikana kwa sumaku. Nimeivua na kuiburuta kama ulivyosema, na ilipofika sentimita kama nne kushoto kwa padi ya kugusia, karibu kabisa na ukingo, kioo kikazima. Nikaiondoa, kikawaka. Nimefanya hivyo mara sita kama mtoto aliyepata swichi ya taa. Laptopu ya zamani nilikuwa nayo kabla sijanunua saa hii, ndiyo maana sikuliona.

Hii hapa taarifa ya wiki moja. Kiendeshi cha kadi ya mtandao nimekisasisha. Fast Startup nimeiondoa, na sasa muda wa kufanya kazi unaanza sifuri kila asubuhi. Kifuniko kinafanya haibaneti kwenye betri, na usingizi unahamia haibaneti baada ya dakika 30. Katika siku saba, upotevu mkubwa kuliko wote kwa usiku mmoja ni asilimia 2, na hiyo ni siku niliyofunga kwanza kisha nikachomoa kwa makusudi ili kuijaribu. Begi halijapata joto tena.

Limebaki jambo moja dogo. Nikiwa nimeiacha mezani kwenye chaja, mara mbili nimeikuta imewasha kioo usiku wa manane bila mtu kuigusa. `powercfg /lastwake` hainiambii chochote cha maana.

ZamuYaSeva

Kwenye mashine za Modern Standby amri hiyo mara nyingi hurudi mikono mitupu, usiitegemee. Rudi kwenye ripoti ya usingizi, kwani kila kipindi kina sababu ya kutoka iliyoandikwa pembeni. Ikiwa ni kifaa, tumia `powercfg /devicequery wake_armed` uone orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Mara nyingi utakuta kipanya, na meza ikitikisika kidogo tu, au hata mtu akipita kwa kishindo, kipanya kinasogea na kuita. Ruhusa hiyo unaiondoa kwenye Device Manager, katika kichupo cha umeme cha kifaa husika. Ikiwa si kifaa, andika `powercfg /waketimers` kwa mamlaka ya msimamizi uone kama kuna kazi iliyopangiwa saa, kwa kawaida ya masasisho. Sasisho kubwa la mfumo au la kiendeshi linaweza kurudisha ruhusa ulizoziondoa, kwa hiyo zipitie tena baada ya kila sasisho la namna hiyo.

Mkeshaji

Ni kipanya. Kipokezi chake kimo kwenye orodha, na ripoti imeandika kipanya kama sababu ya kutoka mara zote mbili. Nimekiondolea ruhusa. Saa nayo naivua ninapoandika, naiweka upande wa pili wa meza.

SaaMkononi

Pia usizipange laptopu mbili zikiwa zimewashwa, moja juu ya nyingine. Sumaku ya ile ya chini inaweza kuilaza ile ya juu, nawe utarudi hapa kutuuliza upya.